Saa Tisa Usiku, Dingxi

Benki ilidai hati ya nyumba.
Qiu Yanmei hana nyumba. Ana karakana ya kupanga,
kerezo moja kuukuu
na grisi isiyotoka ndani ya kucha.

Saa tisa usiku akaiuliza simu.
Simu haikutaka kujua baba yake ni nani.
Ilisoma bili zake za umeme,
miaka sita ya vyuma vilivyolipiwa siku ile ile,
ikasema: chukua.
Yuani elfu themanini, chai haijapoa.

Mashine ya kung'oa viazi ilivunjika mara nne,
mbele ya watu.
Ya tano ikashuka mteremko wote bila kujeruhi kiazi.
Bonde la pili wakaja kuipima kwa kamba;
la tatu wakaiiga, wakaongeza gurudumu.
Sasa ukingo mzima wa mto unanuka chuma kilichoungua.

Ila kaka yake, Baoshun, ng'ambo,
hulipa kwa noti, hukopa kwa mdomo.
Amechora pampu kwenye mfuko wa unga.
Simu ilimtazama ikaona giza.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na mtu je?

"Nunua hata chumvi kwa simu," dada anamsihi, "uache alama."
Baoshun anacheka:
kumbe siku hizi
hata uaminifu huishiwa chaji.