Bado

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi
natoka zamu ya usiku Bombo,
harufu ya spiriti ingali vidoleni.
Sipiti nyumbani.
Baiskeli iko pale pale chini ya ngazi ya wodi,
mnyororo umekauka, unalia kama kifaranga.

Shekalaghe ananingoja njia panda ya Sahare,
suruali kaikunja, kaibana kwa kibanio cha nguo,
darubini shingoni: jicho la kulia linaona,
la kushoto lina ukungu tangu masika ya mwaka juzi.
Mejumaa kakaa nyuma yake kwenye keria,
kalipakata daftari la kaunta.
Darasa la sita. Mwandiko wake ndio unaosomeka,
ndiyo maana tulimwajiri,
mshahara visheti.

Hatuna mengi ya kusema asubuhi.
Kuna yule mbwa wa ghala la chumvi,
kuna kijana wa pampu ya maji, kila mwaka anauliza,
"Leo mnatafuta nini tena, watu wazima?"
na kila mwaka Shekalaghe humjibu, "Wageni."
Mwaka huu alinyamaza kidogo, akasema, "Wenyeji."

Mabwawa ya chumvi yamelala
kama sinia za karamu ambazo hakuna aliyeziosha,
nyeupe kingoni, katikati rangi ya ufizi.
Chamchanga wa kwanza tuliwadhania mawe
mpaka mawe yalipokimbia.

Nawahesabu kama ninavyohesabu mapigo:
mdomo kimya, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
kumi, ishirini, ameruka mmoja, rudia.
Wamekonda.
Shekalaghe husema huko watokako
jua halizami miezi miwili
na mbu ni wengi kuliko wa Mikanjuni.
Mimi naona mfupa wa kifua tu,
uliochongoka kama wa mgonjwa anayeanza kurudia chakula,
na namna wanavyodona tope
bila salamu, bila kuuliza bei.

"Sitini na mmoja," nasema.
Mwaka jana, siku kama hii, mia mbili na kumi na wawili.
Mejumaa anafunua kurasa za nyuma, anahakikisha,
analamba ncha ya penseli.

"Sululu?"
Shekalaghe anapitisha lile jicho zima la darubini
kwenye kingo, kwenye mikoko, kwenye bomba lililopasuka.
Mwaka jana sita. Mwaka juzi kumi na mmoja,
na mmoja alikuwa na pete ya njano mguuni,
alipita mbele yetu kama karani wa kodi,
mdomo umepinda, hana haraka.
"Sululu, sufuri."

Penseli haishuki.
"Mwalimu akiita jina na mtoto hajafika," asema Mejumaa,
"haandiki sufuri."
"Daftari lina sheria zake, binti."
"Hata la mwalimu."

Tunatazamana, sisi watu wazima.
Nimejaza fomu nyingi usiku,
najua karatasi inavyopenda kufungwa mapema.
"Andika bado," nasema.
Anaandika. Sululu: bado.
Herufi nne, zimeegemea kulia.

Wakati wa kurudi, tairi langu la nyuma likakata pumzi
kabla hatujaifikia lami.
Shekalaghe anatafuta kiraka, mimi nimeshika ringi,
jua linatuchoma visogo.
Ndipo ikapita juu yetu
sauti ile ndefu, inayopanda mwishoni
kama ya mtu anayeita jina bila uhakika.
Tukainua vichwa. Mwanga mtupu.
Darubini ilikuwa mchangani, imelaliwa na pampu.

"Sauti haihesabiwi," akasema Shekalaghe, gundi kidoleni,
lakini hakulisema kwa nguvu,
na Mejumaa alikuwa ameshalifungua daftari,
amelifungua tu,
kidole katikati ya kurasa,
anasikiliza.