Sekunde Nne za Gitaa

Mama Kapya hauzi santuri moja moja.
Anauza kwa kilo, kama makala,
kwenye mizani ileile anayopimia unga
nyuma ya nyumba yake, Katuba,
mwezi wa sita, baridi inachana midomo.
"Iliyopinda na iliyonyooka uzito ni mmoja," anasema,
"usiniletee hesabu za shule."

Nachuchumaa. Nachambua.
Moja ilikuwa kifuniko cha ndoo, imebaki na duara la maji.
Moja watoto waliitoboa, wakaifanya gurudumu la gari la waya.
Moja imelala ndani ya kasha la nyingine
kama mtu aliyesindikiza mgeni asirudi kwake.
Kati ya karatasi na plastiki, mabawa ya mende,
na vumbi jekundu, lile lisiloisha hata ukioga mara tatu.

Marehemu mumewe alifanya zamu za usiku tanuruni.
Mchana, badala ya kulala, alisikiliza,
na nyuma ya makasha aliandika madeni
kwa kalamu ya buluu, herufi zimesimama wima:

Musonda, unga, kilo kumi.
Mujinga wa kantini, sabuni mbili.
Kyembe aliazima hii Pasaka, akairudisha na mkwaruzo.

Naigeuza kwenye mwanga. Mkwaruzo upo,
umekata nyimbo mbili kama njia ya panya shambani.

Kilo mbili na robo. Nalipa, nafunga kwa kamba ya baiskeli.

Nyumbani naziosha kwa sabuni ya kipande na shati la zamani,
nazianika juu ya kitanda, nasubiri umeme.
Umeme unakuja saa tano usiku.
Sindano inashuka.
Kwanza ile sauti ya mafuta yakikaanga samaki,
kisha gitaa, likitembea peke yake
kabla mwimbaji hajakohoa.
Sekunde nne. Nazikata hapo.
Nazipunguza mwendo mpaka zinaburuta miguu,
nazirudisha mwanzo, na mwanzo, na mwanzo,
na mkwaruzo wa Kyembe unaangukia palepale,
tak,
palepale ambapo ningeweka kofi.
Kyembe, sikujui. Unapiga vizuri.

Asubuhi Kazembe anakuja na daftari lake,
anarapu kuhusu kaka yake anayechimba bila karatasi.
Dirisha liko wazi. Tumerudia mara ishirini
mzee Musonda, fundi baiskeli wa kona,
anapoacha mnyororo wa watu na kuja na mikono ya grisi.

"Mbona hamlifungulii?"
Nani?
"Gitaa. Tangu asubuhi linabisha hodi,
na nyinyi mnalirudisha barabarani."

Nikaitoa mashine. Nikaweka santuri yenyewe, yote.
Alisimama mlangoni, hakukaa.
Gitaa likabisha, likaingia, likasalimia,
likakuta watu humo ndani: ngoma, sauti tatu, mwanamke mmoja
aliyecheka kidogo katikati ya ubeti, labda kwa makosa.
Sikuwahi kufika kwenye kicheko hicho.
Nilikuwa nimekula ngozi, nikatupa chungwa.

Ilipokwisha, nikampa kasha ashike.
Alilisogeza mbali na macho, akalisogeza tena.
Akasoma jina lake.
"Kumi?" akasema. "Zilikuwa nane."
Akarudi kwenye mnyororo wake.

Wiki iliyofuata nilimkuta Mama Kapya
akipima unga ambao hakuununua.
Mzee mmoja ameuacha, anasema, kwenye kikapu cha baiskeli,
hakueleza, alisalimia tu akaondoka.
Mshale wa mizani ulitetemeka, ukatulia.
Tisa.

Sikusema kitu. Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono.
"Chukua zile za kulia," akaniambia.
"Zenye maandishi siuzi tena."