Chumvi

Kaka yangu Singi alirudi kutoka Doha
na sanduku lenye kufuli mbili
na kreni kichwani.
Usiku kucha ilimwita kwa jina, apokee boriti.
Naye aliitika,
akinyoosha mikono gizani.
Siku ya kumi na moja bila usingizi
mama alituma mtu kwa Kainla Waiba.

Kainla alipanda mlima na ngoma mgongoni,
manyoya ya tausi ndani ya gunia la mbolea.
Akamwaga punje za mchele kwenye sahani ya shaba,
akahesabu, akahesabu tena,
akapiga ngoma hata majogoo ya jirani yakapoteza saa.
Alfajiri akavua kengele:
"Iliyo yangu nimeitoa.
Kuna nyingine humu isiyojua lugha yangu.
Mpelekeni kwa Pabitra, zahanati."

Tulidhani atacheka. Muuguzi wa kabla yake alicheka,
akaukata uzi wa mganga kwa mkasi
akautupa kwenye ndoo ya sindano.
Pabitra aliuona uzi mkononi mwa Singi.
Akafunga kipimo cha presha mkono wa pili.

Vidonge vilitoka hospitali ya wilaya:
kimoja asubuhi, viwili jioni.
Mwiko ulitoka kwa Kainla:
siku ishirini na moja bila chumvi,
kwa maana pepo hufuata chumvi kama mbuzi.
Mama aliwatii wote wawili.
Mwenye mwana mgonjwa habishi hodi mlango mmoja.

Singi akalala.
Akaamka, akaomba viazi, akalala tena.
Sisi tukaanza kutia chumvi kwenye habari:
eti amecheka, eti ametaja ndoa.
Kwenye chungu hatukutia.

Siku ya tisa kikombe kilimponyoka.
Vidole vilitetemeka, akatapika,
akavuka ua akiyumba kama mlevi wa harusi.
"Limerudi!" majirani wakasema. "Ngoma iletwe!"
Kainla akaja, lakini hakuifungua ngoma.
Alichuchumaa, akakishika kile kiganja
mpaka chai ikapoa.
"Mungu akinipanda, natetemeka kuanzia magotini.
Miaka thelathini, magotini.
Hii imeanzia kwenye kucha.
Hii si ya kwangu."

Tukateremka usiku kwa tochi za simu,
Singi mgongoni mwa binamu.
Pabitra alifungua mlango bila viatu.
"Anakula nini?"
"Wali. Viazi."
"Na chumvi?"

Hapo nikamwona mtu aliyekula chumvi nyingi
akitafuta mahali pa kuyaweka macho.
"Niliikataza mimi."

Pabitra tayari alikuwa anatafuta mshipa.
"Chumvi ikipungua mwilini, dawa hii haitoki.
Hujikusanya, ikawa sumu."
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Niliandika dozi. Sikuuliza sahani."

Gari lililopatikana lilikuwa la kubebea kabichi.
Kainla alikaa nyuma nasi, ameinua chupa ya dripu
kwa mkono uleule unaoinua ngoma,
saa nne za makorongo,
na hakubadilisha mkono.

Siku hizi huulizana kwanza.
Kuhusu jogoo wa kafara bado hawajapatana:
Pabitra anasema ni hasara kwa mjane,
Kainla anasema hata nauli ya wilaya ilimla mjane mbuzi.
Mama huwaandalia chai, wagombane wakiwa wamekaa.

Na Singi? Hajapona kama sufuria iliyozibwa.
Upo usiku ninapomkuta uani,
uso juu, viganja wazi,
akisubiri kitu kizito kishuke.
Simwambii hakuna kitu.
Namwambia chakula kiko tayari.
Nachota chumvi kwa vidole vitatu,
naitia akiwa anatazama,
nampa mwiko aonje.

Anaonja.
Anasema imezidi.