Macho Yana Pazia

Saa kumi na mbili asubuhi, Iisalmi ingali usiku.
Theluji imelala hadi juu ya nyaya za umeme.
Jicho la kulia nalifumbua kwa kidole,
la kushoto linagoma:
tongotongo zimelitia gundi.

Wahenga husema macho hayana pazia.
Yangu yanalo, na pazia ndilo mgonjwa.

Daktari Sirkku alizimulika kope kwa taa yake nyembamba,
akasema, "Rosasia."
Nilidhani anamwita binti wa mapokezi.
Kumbe ndiye huyu aliyenipaka wekundu mashavuni
miaka kumi na tisa,
hata mzazi mmoja akainama dirishani mwa basi langu la shule
kuninusa pumzi.
Sasa amehamia machoni, na mizigo yake yote.

Daktari akanichorea nyuma ya bahasha:
vijitezi ukingoni mwa kope, mafuta yameganda
kama siagi iliyosahauliwa barazani,
na chozi bila mafuta hukauka njiani.
Ndio huo mchanga ninaoufikicha.
Ndiyo sababu taa za magari yanayonijia
zinaota miiba.

"Haiponi," akasema. "Inalelewa."
Nikarudi nyumbani na neno hilo
kama niliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Basi nalea.
Soksi ya Reijo, ile iliyofiwa na pacha wake,
nimeijaza mchele, nikaipiga fundo.
Nusu dakika ndani ya maikrowevu,
naijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono,
kisha juu ya kope, dakika kumi, redio ikisoma hali ya hewa.
Halafu kidole: kope ya juu nashusha, ya chini napandisha,
taratibu, kama anayekamua mbuzi asiyemzoea.
Pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa,
ukingo tu, jicho lenyewe nisiliguse.
Matone kutoka vichupa vya siku moja.
Kidonge na bilauri nzima ya maji.
Jioni, yote tena.
Nikikosa siku mbili, mimi husahau. Jicho halisahau.

Nina daftari pia.
Divai: vibaya. Pilipili ya shemeji: vibaya sana.
Upepo wa ziwani bila miwani: nilijuta hadi Alhamisi.
Kahawa naingoja ipoe, katika nchi
ambayo kahawa iliyopoa humwagiwa maua.
Na kwenye jalada, kwa mwandiko wa daktari:
*Mwanga ukichoma na herufi zikififia,
usingoje Jumatatu.*

Lakini Jumamosi!
Sauna aliijenga baba, magogo ya msonobari,
nami nilioshwa humo nikiwa na siku tisa.
Sasa mvuke wake umeharamishwa usoni pangu.
Joto ninakatazwa, joto ninaandikiwa:
mara mbili kwa siku, kwenye soksi.
Nilimuuliza Sirkku kama anajisikia anavyosema.
Akacheka, akasema anajisikia vizuri kabisa.

Kwa hiyo nakaa nje, kwenye benchi la kuvulia viatu,
koti hadi kidevuni.
Nasikia maji yakiangukia mawe,
ile pumzi ndefu ya moto,
sauti ya Reijo ikiguna, sauti ya ndugu yake ikikubali.
Sitasema silii wivu. Ningelia, chozi lingekaukia njiani.

Mlango ukafunguka.
Reijo, uchi na mwekundu kuliko mimi,
anafuka mabegani kama sufuria,
nyayo zake juu ya theluji, hana haraka.
Mkononi soksi.
Alikuwa ameilaza benchi la chini kabisa,
pale tulipokuwa tukiwakalisha watoto.

Hakusema kitu. Sisi si watu wa kusema.
Akaijaribu kwenye kifundo cha mkono wake,
kama anavyoniona kila asubuhi akidhani simwoni,
akangoja kidogo,
akaijaribu tena.

"Fumba," akasema.
Nikafumba.