Mbili Juu ya Kumi

Chilewa, nimekuja kuichukua ile mbili yangu.
Usishushe kinyago cha kuchomelea, nisikilize kwanza.

Unaikumbuka Jumamosi ile, umeme umekatika Kizota nzima,
tumekalia mageti ambayo wenyewe hawajayalipia,
redio ya betri sita katikati yetu
na boksi la sabuni lenye kaseti kumi na moja
zilizoachwa gesti na mchimba visima
aliyeondoka alfajiri bila kulipa chai.
Wewe ulizipanga kwa uzito, kama nondo:
milimita nane, milimita kumi, kumi na sita.
Ile nyeusi isiyo na jina ukasema ni reli.
"Huu si muziki wa kuchezwa," ukasema,
"huu ni wa kubebwa na watu wanne."
Ukaipa tisa. Moja uliizuia
kwa sababu mpiga ngoma ana haraka ya kwenda kwao.

Mwalimu Perisi, anayefundisha sauti ya tatu kanisani,
alisema gitaa limelegea nusu noti
na mwimbaji apewe asali na tangawizi.
Nne, akasema.
Kisha akaiazima.
Ilikaa kwake wiki tatu, na iliporudi
mkanda ulikuwa umesimama upande wa pili, wimbo wa tano,
mwanzoni kabisa, kama mtu aliyekuwa anaurudia.
Hatukumuuliza.

Zamu yangu ikaangukia ile ya njano.
Nyimbo kumi na nne, dakika kumi na tisa.
Vijana watatu, nadhani watatu, kila mmoja anamuwahi mwenzake.
Hawajui kupiga, nilisema.
Wanaanza kabla hawajakubaliana,
wanaacha kabla hawajamaliza.
Mbili juu ya kumi: moja ya jalada, moja ya huruma.
Kelele za mlango, nikaongeza, hazinikoseshi usingizi.
Ulinitazama kama mtu aliyetukaniwa mkwe,
ukarudi kwenye bawaba zako.

Sasa sikia.
Juzi, upepo wa Agosti umebeba nusu ya Nkuhungu,
mashine yangu ina foleni hadi kwa muuza mkaa.
Injini inanguruma. Mkanda umechoka tangu Juni,
nimeufunga kwa waya na kwa sala.
Nakaza sauti kumwambia mama mmoja bei mpya,
naye, ndoo ya uwele kichwani, anakaza ya kuikataa,
bati la paa linabishana na upepo,
watoto wanakohoa unga,
kila mtu anasema, hakuna anayekubali,
na sote, sijui niseme vipi,
sote tulikuwa tumepatana.

Halafu mkanda ukakatika.

Ule ukimya, Chilewa!
Wimbo wa saba! Ule unaoishia katikati ya neno!
Nikacheka, unga hadi kwenye kope,
yule mama akadhani nazichekea shilingi mia zake.

Jioni nilipita hapa, hukuwepo, nikaichukua kwa kijana wako.
Nikaisikiliza mara nne,
maana mara nne ni saa moja na robo tu na kidogo,
mke wangu akahamia chumba cha watoto.
Wanajua kupiga. Wanajua pia
kwamba pumzi haiombi ruhusa ikitaka kukata.

Sijasema ni nzuri.
Wimbo wa kumi na moja bado ni uchafu,
hapo tutabishana mpaka kuku walale.
Mwimbaji anatemea kipaza sauti mate, yanasikika.
Lakini mbili ilikuwa alama ya mtu aliyekaa
juu ya geti la mwenzake akisubiri umeme urudi.

Chukua chaki.
Pale ukutani, chini ya bei za madirisha,
andika saba.
Mwite na Mwalimu Perisi ashuhudie.

Na ile reli yako, ile tisa,
sogeza stuli.
Nina neno nayo.