Chupa Arobaini na Saba

Jengo letu la Bytom limepata ufa
kutoka ghorofa ya tatu hadi jikoni kwetu.
Machimbo yaliyotulisha yanatumeza sasa, taratibu,
na barua ya manispaa inasema: mwisho Ijumaa.
Nilikuja kumsaidia mama kufungasha.

Sikufungasha.
Mvunguni nilikuta kompyuta, nzito kama gunia la makaa,
na kasha la sidii tatu: Taji la Chumvi.
Ile ya pili ina mkwaruzo
niliousugua kwa dawa ya meno nikiwa na miaka kumi na miwili,
Ludwik akinishikia tochi,
sote tumebana pumzi kama wapasuaji.

Feni ikakohoa. Ikawaka.
Ulimwengu ukafunguka,
mdogo.

Msitu ulionitoa jasho la viganja
una miti kumi na minane, nimeihesabu,
na ukiitazama ubavuni, majani hayana unene.
Milima ni picha iliyobandikwa angani.
Mlinzi wa lango bado anamiliki sentensi tatu.
"Umechelewa, mgeni."
"Lango halina rafiki."
Na ya tatu, ukizidi kumsumbua: "Nenda kwenu."
Nimekwenda kwetu, mzee. Ndiko ninakokaa hapa,
sakafuni, katikati ya maboksi,
na kwetu kunahamishwa Ijumaa.

Halafu yule mbwamwitu wa darajani.
Aliniua mara thelathini na moja;
mistari ya penseli ingalipo ukutani, nyuma ya kabati,
mitano mitano, kama ya mfungwa.
Jana usiku alianguka kwa mapigo mawili.
Nikasimama juu ya mzoga wake nikaona haya,
kama mtu aliyemsukuma
mwalimu wake wa zamani kwenye ngazi.

Ndipo nikafungua mkoba.

Chupa nyekundu. Dawa ya uhai. Arobaini na saba.
Sikuwahi kunywa hata moja.
Nilikufa nikarudi, nikafa nikarudi,
tiba ikinigongagonga mgongoni,
nikiiwekea akiba vita fulani vikubwa
ambavyo sikuvifikia, kwa sababu nilikuwa nakufa.
Ludwik alikunywa zake zote kabla hajatoka kijijini.
Nikamwambia akiba haiozi.
Akasema: "Kweli, haiozi. Utaoza wewe."
Aliuona mwisho wa mchezo, akanisimulia dirishani:
mfalme anavua taji, analilamba, analia.
Kisha akaenda Norwe kukata samaki,
na mimi nikaendelea kuweka akiba:
likizo, shati jeupe, maneno mawili matatu
niliyotaka kumwambia Jagna kituo cha treni.

Saa nane za usiku nilimsimamisha shujaa wangu darajani,
uhai wake umejaa hadi ukingoni,
hana hata kidonda,
nikamnywesha.
Moja. Ya pili. Ya kumi na tisa.
Kila chupa na mlio wake, gluku, uleule.
Mama akachungulia na shuka mabegani:
"Nani anakunywa hivyo humu ndani?"
"Mimi."
"Una nini?"
"Sina kitu, mama. Ndiyo maana."

Alinitazama kama anavyoutazama ule ufa,
akipima kama umeongezeka.

Nilipomaliza nilishuka stoo ya chini.
Rafu nne za mitungi yake, matango ya siki,
lebo kwa mwandiko wake uliolala: 2003,
mwaka ule mgodi wa baba ulipofungwa; 2006; 2011.
Nikapanda na ule wa 2003, kifuniko kimeota kutu.
Akaruka: "Huo ni wa dharura!"

Ukuta ukatoa mlio mdogo,
kama mtu anayekunja vidole vyake.
Sote wawili tukausikiliza.

Mama akavuta kiti,
akaufunga mtungi katikati ya magoti,
akazungusha.