Unyevu Ukutani
(Shkodra, Albania, mwaka wa nane tangu makanisa yafungwe)

Bwana, sina kinanda. Nina ufagio.
Palipokuwa altare wamefunga wavu,
vijana wa kiwanda cha nyaya wanaruka, wanapiga mpira,
viatu vyao vikilia juu ya marumaru
niliyopigia magoti siku ya harusi.
Navuta ufagio chini, kisha upande kwa upande.
Anayetazama aone vumbi.
Wewe waona.

Kengele waliiyeyusha. Kaka yangu Ndoka
alimbatiza mtoto wa jirani kwa kikombe cha kahawa,
akapewa miaka kumi ya kuchimba shaba.
Barua yake ina mistari minne,
wa tatu umefutwa kwa wino mweusi.
Huo ndio ninaousoma kila usiku.

Rozari yangu ni maharage:
kumi, kokoto; kumi, kokoto.
"Leo unayachambua mara ya tatu, Prenda,"
husema mume wangu,
kisha huongeza sauti ya redio.

Pasaka nilichemsha yai kwa maganda ya vitunguu
likawa jekundu. Tuligawana watu watano.
Walipogonga mlango, ganda lilikuwa bado mezani.
Nikalitafuna, Bwana. Nikalimeza.
Likanikwaruza koo hadi machozi,
na askari akauliza nalilia nini.
"Kitunguu," nikasema.

Lakini nilitaka kusema juu ya jicho.
Ukuta wa kaskazini, ulipochorwa Wewe,
walipaka mikono mitatu ya rangi ya kijani.
Machi mto ukafura. Unyevu ukapanda ndani ya mawe
polepole, kama asiye na haraka wala hofu;
rangi ikavimba, ikabanduka,
jicho lako la kushoto likatazama ukumbi mzima.
Mkurugenzi Fatbardhi akafoka: "Nani kafanya hivi?"
"Unyevu, komredi."
Wakapaka. Machi iliyofuata, jicho.
Wakapaka. Jicho, na nusu ya paji la uso.

Uliigawa bahari, uliangusha Yeriko kwa tarumbeta.
Mimi sikuwapo.
Nimeona dola yenye mizinga na mahandaki
ikishindwa na maji yasiyo na sauti.
Uweza ni wako.

Jana kijana mmoja mrefu, zamu yake ya kuanzisha,
alisimama akalitazama.
Kidole gumba kikapita juu ya ngozi ya mpira,
chini, kisha upande kwa upande,
akapiga.
Ukatoka nje ya mstari. Wenzake wakamzomea.
Niliuokota mimi,
nikaushika kidogo
kabla ya kuurudisha.